Joto la Mkomani huingia kwa juu

Wahandisi wenzangu walioko Ulaya wakipewa mtaa mzima waupunguzie kaboni, yaani hewa ukaa itokanayo na nishati unayotumia, huanza na kuta na madirisha, maana adui wao ni baridi. Mimi hupiga hesabu hizohizo, lakini mtaa wangu ni Mkomani, Lamu, na hapa kuta ndizo za mwisho kuguswa.

Ingia kichochoroni saa tisa alasiri utaona. Kuta mbili za mawe ya matumbawe zimekaribiana, hata punda mwenye shehena ya mchanga akija, wewe unampisha kwa kuingia kwenye daka, baraza la mlangoni, la mtu. Jua hufika chini kitambo kidogo tu adhuhuri, kisha kivuli kinarudi. Ukuta wenyewe una unene wa karibu nusu mita. Tena nyumba za kale zimeelekea kaskazini, upande wa Makka, kwa hiyo misana (kumbi za mbele) na ndani (chumba cha nyuma yake) ni vyumba virefu vilivyolala mashariki-magharibi. Jua la asubuhi na la jioni hupiga zile ncha fupi tu, na mara nyingi nazo zimeegemeana na nyumba ya jirani. Waliojenga hivi waliijua kazi yao.

Ila Lamu iko nyuzi 2 na robo hivi kusini mwa Ikweta. Katikati ya Machi jua hupita utosini, na ndiyo siku kaskazi imelegea na kusi haijashika. Joto lote linashukia paani, na mapaa mengi siku hizi ni ya mabati. Watu wamehama makuti kwa kuogopa moto, na hofu hiyo ni ya haki. Siwezi kumwambia mtu arudishe makuti katika mtaa ambao cheche moja huruka paa hadi paa.

Modeli yangu ya kwanza, yaani hesabu ya kukadiria umeme wa mtaa, niliijenga nyumba mojamoja, kila nyumba na ratiba yake: watu wanalala ndani, feni inazunguka hadi alfajiri. Nikailinganisha na ujumbe wa tokeni za umeme ambao wenye nyumba walikubali kunionyesha. Kwa miezi ya kaskazi modeli ilidai umeme mwingi kuliko ule ulionunuliwa. Nikarekebisha unyevu, nikarekebisha upepo, nikapima kuta upya. Wapi.

Bi mmoja alinikuta chumbani kwake nikihesabu feni. Akaniambia, "Mwanangu, kaskazi hatulali huku. Twalala yuu."

Akanipandisha ngazi hadi kidari cha meko, jiko la juu paani. Kitanda cha kamba, chandarua kimefungwa kwenye boriti, na upepo wa baharini unapita moja kwa moja. Nusu ya paa ilikuwa bado makuti, nusu ya pili bati jipya, na kitanda kilikuwa upande wa makuti. Nilinyoosha mkono karibu na bati, kiganja kikarudi chenyewe kabla hakijaligusa. Kwenye makuti nilibandika kiganja nikakiacha. "Upande ule," akasema, "mchana hata paka hakai."

Hapo ndipo hesabu yangu ilipogeuka. Paa la Lamu ni chumba cha kulala. Bati likilifunika lote, watu wanashuka ndani, ndani wanahitaji feni, na mwenye uwezo ananunua kiyoyozi. Na kiyoyozi ndicho kinachonifanya nisikubali tena kuhesabu nyumba mojamoja. Kikila uniti 1 ya umeme huondoa uniti kama 3 za joto chumbani, kisha humwaga zote 4 nje. Katika modeli ya nyumba moja, joto hilo linapotelea angani. Mkomani linabaki kichochoroni na kuingia kwa jirani aliyefungua dirisha apate hewa. Mwakani jirani naye ananunua chake.

Mtu ataniuliza kaboni iko wapi, na umeme wa Kenya sehemu kubwa ni mvuke wa ardhini wa Olkaria, maji, na upepo wa Turkana. Kweli, wastani wa mwaka ni mzuri. Lakini kiyoyozi cha kulalia huwashwa saa mbili usiku, jua limekwishatua na mtambo wa sola wa Garissa umelala, nchi nzima imewasha taa, na ndiyo saa mitambo ya mafuta kama ya Kipevu, Mombasa, huitwa kazini. Kwa hiyo uniti iliyookolewa saa hiyo ina uzito zaidi, na modeli inayotumia wastani haiwezi kuiona. Yangu sasa inahesabu saa kwa saa.

Ninachopendekeza hakihitaji kung'oa bati. Lipakwe rangi nyeupe, ioshwe kila mwaka maana chumvi na ukungu huifubaza. Chini yake iwekwe dari ya pili, nafasi ya kiganja au viwili, pande zote mbili wazi ili hewa ya moto itoke. Sola ikiinuliwa juu ya bati hutoa umeme na kivuli pamoja, ila mji huu umo katika Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu 2001, kwa hiyo isionekane ukiwa forodhani, na nati ziwe za chuma kisichoshika kutu.

Kuta ziachwe na chokaa yake. Saruji hufungia unyevu na chumvi ndani ya matumbawe mpaka plasta inabanduka. Chokaa ikikauka huvuta tena kutoka hewani sehemu ya kaboni iliyotoka tanuuni ilipochomwa. Kaboni ya kuni za tanuu haivutwi hivyo, nami naihesabu.

Kaskazi haijashika bado. Tunaanza na nusu ile ya bati kwa yule bi, na ameshanionyesha kitanda cha pili kitakaa wapi.