Mlipuko mkubwa, galaksi ndogo

Wengi hudhani kwamba mlipuko wa miale ya gama, yaani mmweko wa ghafla wa mionzi yenye nguvu mno kutoka anga za mbali, kwa ukali wake lazima utokee kwenye galaksi (mkusanyiko mkubwa wa nyota) iliyo kubwa. Hesabu inaonekana sawa: penye nyota nyingi, milipuko mingi. Lakini sivyo.

Mwaka 2006 yalichapishwa matokeo ya darubini ya Hubble kuhusu galaksi 42 zilikotokea milipuko mirefu, yaani ile inayozidi takriban sekunde 2. Ni moja tu iliyokuwa na mikono mikubwa inayojipinda kuzunguka kitovu, ile tunayoiona kwenye picha za kupendeza. Nyingi zilikuwa ndogo, hafifu, umbo shaghalabaghala, na milipuko ilipenda sehemu zake angavu zaidi, huko nyota nzito zinakozaliwa na kufa upesi.

Maelezo yanayokubalika zaidi yanahusu metali, neno ambalo wanaastronomia hulitumia (ovyo, kwa maoni yangu) kwa kila elementi iliyo nzito kuliko heliamu, hata oksijeni. Nyota yenye metali nyingi hupuliza upepo mkali unaoipunguzia uzito na kasi ya kujizungusha. Siku inapoporomoka mwishoni mwa uhai wake, haina tena nguvu za kurusha mkondo mwembamba wa miale, ambao ndio tunaouona kama mlipuko. Galaksi ndogo kwa kawaida zina metali chache.

Milipuko mifupi ni habari nyingine. Ule wa Agosti 17, 2017 ulitokana na nyota mbili za nyutroni (mabaki madogo, mazito mno, ya nyota zilizokufa) kugongana ndani ya NGC 4993, umbali wa miaka-nuru kama milioni 130 (mwaka-nuru ni umbali ambao nuru husafiri kwa mwaka): galaksi iliyozeeka, ambako nyota mpya karibu hazizaliwi.