Kabla hujalipia ukumbi Kigoma, nenda kauone saa ileile ya shughuli yako

Mteja akinipigia kuniambia ukumbi keshapata, swali langu la kwanza huwa sio bei. Namuuliza, uliuona saa ngapi? Wengi wananijibu asubuhi, walipita wakiwa njiani kwenda kazini, wakakuta pamefagiliwa, viti vimepangwa, feni zinazunguka, wakaupenda hapohapo na advansi wakalipa. Afu ukiangalia ratiba yao shughuli inaanza saa nane mchana mpaka saa kumi na mbili. Mimi kazi yangu ni kuandaa semina, uzinduzi wa bidhaa na mikutano ya wafanyabiashara hapa Kigoma, mwaka wa tisa sasa, na naomba mniamini kwenye hili, ukumbi wa asubuhi na ukumbi wa jioni ni kumbi mbili tofauti, na mji wetu ndo unazidisha.

Sababu ni ziwa. Tanganyika liko magharibi yetu, jua linazama kule upande wa milima ya Congo, na kila mwenye ukumbi anajivunia madirisha yanayotazama maji (kweli yanapendeza, sikatai). Ila jua likishaanza kushuka linapita kwenye hayo madirisha linaingia mpaka katikati ya ukumbi. Na kuna kitu wateja wa kutoka Dar hawakijui, saa zetu na zao ni zilezile lakini jua la huku liko nyuma kama dakika 40, maana sisi tuko mbali magharibi. Kwahiyo mtu wa Dar anapanga mada kubwa saa kumi na nusu akijua jua limeshapoa, kumbe huku bado linachoma.

Hilo lilinikuta mwenyewe. Nilikuwa na mkutano wa wanunuzi wa mawese kutoka Dar na wakamuaji wa huku kwetu, watu kama 80, mtoa mada kafika kwenye hesabu za usafirishaji, yaani kile hasa watu walichokifuata, jua likaingia, picha ya projekta ukutani haionekani, weupe mtupu. Akina mama wa jikoni ndo walituokoa, walivua vitenge vyao vya juu tukavitundika madirishani, picha ikaonekana lakini upepo ukakatika na joto likapanda, nusu saa baadae watu wanatoka mmoja mmoja kwenda kupunga upepo nje. Mkutano uliisha bila makubaliano waliyokuwa wameyafuata. Niliumia sana, na kosa lilikuwa langu kwa sababu ule ukumbi niliukagua saa tatu asubuhi.

Tangu siku hiyo kitu cha kwanza nikiingia ukumbini natafuta magharibi iko wapi. Skrini naiweka ukuta wa kaskazini au wa kusini. Ukiiweka ukuta wa mashariki jua la jioni linaipiga usoni, ukiiweka kwenye ukuta wa madirisha ya ziwa watu wanatazama mwanga badala ya maandishi. Projekta ya lumeni 3,000 (lumeni ni kipimo cha nguvu ya mwanga wake) inatosha kabisa chumba chenye kivuli, ila jua likiingia hata ya 5,000 inaelemewa, kwahiyo usikubali mtu akuuzie projekta kubwa kama dawa, uliza kwanza mapazia mazito yapo au hayapo. Na uyafunge ukiwa hapohapo, ukae dakika kumi usikie joto likoje.

Kingine ni mabati. Msimu wetu wa mvua unaanza Oktoba mpaka kwenye Mei hivi, na mvua ya Kigoma haijui kubembeleza. Ukumbi wa bati lisilo na dari ikishuka hamna maiki itakayokusaidia, ukipandisha sauti spika zinapiga mluzi, ukishusha watu wa nyuma hawapati kitu. Sasa ukikagua Julai utajuaje? Inua macho. Kama kuna dari nzuri, afadhali. Kama unaona bati na mbao tu, muulize mlinzi au dada anayesafisha, usimuulize mwenye ukumbi, hao wawili wamekuwepo siku zote mvua iliponyesha na hawana sababu ya kukuficha.

Umeme sasa, na hapa naomba niongee taratibu. Kigoma miaka mingi tuliishi nje ya gridi ya taifa, tukitegemea majenereta ya dizeli, kwahiyo watu wazima wa mji huu suala la jenereta wanalichukulia kama la kawaida sana, ukiuliza unajibiwa "lipo mwanangu, usiwe na wasiwasi". Lipo sio jibu. Mimi huwa nasema kwa heshima zote, mzee wangu naomba tuliwashe sasa hivi, na kabla hajaliwasha nazunguka nawasha viyoyozi vyote, taa zote, spika zote. Hesabu yake ni rahisi. Jenereta la kVA 10 linakupa kama kilowati 8. Kiyoyozi kimoja cha BTU 18,000 kinakula kilowati moja na nusu mpaka mbili, vinne hivyo vimeshamaliza karibu yote, na kila kimoja kikianza kuzunguka kinavuta zaidi ya hapo kwa muda mfupi. Afu jikoni mtu anachomeka birika kubwa la chai la kilowati mbili au tatu. Linazima. Kwahiyo amua mapema nini kitawaka siku umeme ukikatika, na birika la chai lihamie kwenye gesi au mkaa. Uliza pia mafuta ni ya nani, ufunguo anakaa nao nani (nimewahi kusubiri dakika 50 kwa sababu fundi alienda nao nyumbani), na jenereta lenyewe liko wapi, maana likiwa chini ya dirisha la ukumbi mtasikia jenereta kuliko mtoa mada.

Idadi ya watu usipokee ya mdomoni. Ukiambiwa ukumbi unachukua 200 mara nyingi hiyo ni hesabu ya harusi, viti vimebanana na watu wana furaha hawajali. Pima kwa hatua zako. Viti vitupu vikitazama mbele, kila mtu mpe kama mita moja ya mraba. Wakiwa na meza za kuandikia inapanda mpaka moja na nusu au mbili. Ukumbi wa mita 12 kwa 10 ukitoa jukwaa, njia na meza ya usajili, viti vitupu unapata watu 90 hivi, wenye meza unapata 50 au 55. Kama unazindua bidhaa toa tena nafasi ya meza za sampuli, watu lazima wasimame wazishike waulize bei, hiyo ndo biashara yenyewe.

Mlango wa dharura uufungue kwa mkono wako. Nakuta kufuli mara nyingi mno, wengine wameweka makreti ya soda nyuma yake. Hapo sina mjadala, wakisema siku ya shughuli tutafungua naandika kwenye mkataba na siku hiyo nafika kabla ya kila mtu nahakikisha.

Jikoni watu hawaendi kukagua, nenda. Mchana upepo unatoka ziwani kuja nchi kavu, kwahiyo jiko likiwa upande wa ziwa moshi na harufu ya migebuka (samaki wa ziwani) inayokaangwa vyote vinaingia ukumbini saa sita, wakati mtu wa benki anaeleza riba. Migebuka yetu mitamu sana ila sio muda huo. Vyooni fungua koki uiache dakika tano uone kama maji yanaendelea au yalikuwa ya kwenye bomba tu.

Ratiba ya swala ipange pamoja na ukumbi, hasa ukiwa Ujiji au Mwanga. Adhuhuri ya huku inaingia kwenye saa saba, kwahiyo chakula nakiweka hapo na natafuta mahali pa kuswalia penye maji ya udhu. Ijumaa kati ya saa sita na nusu na saa nane siweki mada yoyote. Nusu ya wageni watatoka, na wana haki ya kutoka bila kukosa kitu.

Wanaotaka hema ufukweni nawaelewa, wageni wa bara wanalipenda ziwa. Ila kuanzia Mei mpaka Septemba upepo wa kusini mashariki unakuwa mkali, hema lisilofungwa kwenye vigingi virefu halifiki jioni. Na muulize mwenyeji maji yalifika wapi ziwa lilipopanda 2020 na 2021, akuonyeshe kwa kidole.

Halafu uliza kuna nini usiku wa kuamkia siku yako. Kama kuna sendofu, mapambo yatatolewa saa nane usiku na wewe utaingia alfajiri kwenye maua yaliyokanyagwa na sakafu inanata, na mafundi wako wa sauti hawatakuwa na muda wa kujaribu chochote. Naandika kwenye mkataba saa ya kukabidhiwa ukumbi, sio tarehe tu. Bei nayo iandikwe kama VAT imo au haimo, na risiti ya EFD (ile ya mashine ya kodi) uihakikishe kabla ya kulipa, kampuni nyingi mhasibu hapitishi malipo bila hiyo na utajikuta unafidia mfukoni.

Intaneti kama kuna mtu ataongea kwa video akiwa Dar au Bujumbura, pima kasi ya kupandisha na sio ya kushusha tu, nataka angalau Mbps 4 muda uleule wa mada. Ukikuta haifiki chukua modemu za mitandao miwili tofauti.

Nikimaliza yote naenda kukaa kiti cha mwisho kabisa, pembeni, kile ambacho mgeni aliyechelewa kutoka Kasulu atakikuta, namuomba mwenzangu asimame mbele asome orodha ya bei kwa sauti ya kawaida, jenereta likiwa linanguruma na mapazia yamefungwa. Namba zote nikizisikia bila kuinamia mbele, natoa simu nalipa advansi.