Ukidibagi keneli toka mbali, si kila erori ni bagi

Jamani wenzangu wa keneli (kiini cha Linux) tunaoidibagi toka kompyuta nyingine hapa Mombasa, naona watu wanakesha wakifukuza erori ambazo keneli yenyewe haina habari nazo, na inaniuma kwa sababu mie pia zimenilaza macho.

Dhana inayopotezea watu muda zaidi ni hii, ati ukiona "Ignoring packet error, continuing..." basi kodi yako imeshaharibu keneli. Si kweli. Hiyo ni GDB, programu ya kusakia bagi, ya kwenye laptopu yako inalalamika kwamba kilichokuja kwenye waya hakisomeki, keneli huko ng'ambo yaweza kuwa imetulia tu inangoja amri. Nilipambana nayo usiku mzima pale Tudor, feni inazunguka na jasho halikauki, nikabadilisha kebo ya seriali mara mbili, nikarudisha kodi ya wiki iliyopita, wapi. Kumbe minicom, programu ya kusoma poti ya seriali, nimeiacha wazi kwenye dirisha jingine, imeshika /dev/ttyUSB0 ile ile, sasa programu mbili zikisoma poti moja zinanyang'anyana baiti na kila paketi inafika imekatika katika. Nilipoifunga tu, kimya. Kwa hiyo kabla hujagusa kodi piga fuser -v /dev/ttyUSB0 uone nani mwingine yuko hapo, halafu spidi iwe moja pande zote, yaani kama kwenye amri za kuwasha keneli umeandika kgdboc=ttyS0,115200, na GDB iambie set serial baud 115200.

Wengine wakiweka breakpointi (mahali pa kusimamisha kodi) wakajibiwa "Cannot access memory at address" wanaanza kushuku RAM. Ukweli ni kwamba KASLR, kinga ya keneli ya kubahatisha anwani, huihamisha keneli kila inapowaka, na GDB bado inatafuta kwenye anwani za zamani. Washa na nokaslr, na hiyo vmlinux, faili la keneli unaloipa GDB, iwe ya bildi ile ile inayokimbia, si ya jana.

Halafu kuna "soft lockup - CPU#0 stuck for 22s!", hii ndo inatisha kweli, na watu wanaamini moja kwa moja kuna dedloki, yaani kodi zinangojeana milele. Ngoja kwanza. Kwa kawaida mlinzi wa keneli hupiga kelele CPU ikishikwa zaidi ya sekunde 20, na RCU, sehemu nyingine ya keneli yenye ulinzi wake, nayo ikifika 21, sasa wewe umesimamisha mashine pepe ukateremka kununua viazi karai ukarudi baada ya dakika kumi, saa inaweza kuruka na mlinzi akadhani CPU ilikwama muda wote huo. Angalia dmesg (ujumbe wa keneli), kama ujumbe umetoka mara tu baada ya kubonyeza continue na haukurudi tena, upuuze. Lakini ukirudi na hujasimamisha chochote, hapo sasa vuta kiti, hiyo ni bagi yako halisi.