Vijana wa Kanada vitani: yasemwayo na yaliyokuwa

"Wavulana wa miaka 16 waliingia jeshini kwa vyeti vya kuzaliwa vya kughushi."
Cheti chenyewe hakikudaiwa. Mwaka 1914, Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoanza, fomu ya kujiandikisha iliuliza tarehe ya kuzaliwa. Kijana akataja aliyoitaka, akala kiapo, akatia sahihi. Kikwazo kilikuwa daktari: kimo kisipungue futi 5 na inchi 3, kifua kipimwe kwa utepe, macho na meno yakaguliwe. Aliyekataliwa hapa alijaribu bahati mji wa pili. Wanahistoria hukadiria kuwa vijana kama 20,000 walivuka bahari kabla ya kutimiza umri uliotakiwa.

"Akigunduliwa alirudishwa kwao."
Wengine, ndiyo, mzazi akiandika barua na kuthibitisha umri. Lakini wengi walizuiliwa Uingereza, na mwaka 1917 kikaundwa kikosi cha vijana huko Bramshott. Walifundishwa humo hadi watimize miaka 19, kisha Ufaransa. Kugunduliwa kulimnunulia kijana miezi tu.

"Waliobaki nyumbani walikuwa salama."
Waulizwe watu wa Halifax, mji wa bandari wa Kanada. Tarehe 6 Desemba 1917 Mont-Blanc, meli iliyosheheni vilipuzi, iligongana na meli nyingine, Imo, bandarini. Ikawaka kwa takriban dakika 20 kabla ya kulipuka, na dakika hizo ndizo zilizoponza wengi: watu, watoto wakiwamo, walisogea madirishani kutazama moto. Vioo vikawapasukia usoni, ndiyo maana majeraha ya macho yalikuwa mengi mno. Walikufa karibu 2,000, wakajeruhiwa kama 9,000.

"Vita vya Pili vya Dunia, watoto waliokota takataka ili tu wajione wanasaidia."
Mafuta ya kikaangoni waliyokusanya yalitoa gliserini ya vilipuzi. Na kuna habari ya sufi, ile ile ya mito na magodoro yetu: ndiyo iliyojazwa kwenye majaketi ya kuelea ya mabaharia. Nyingi ilitoka Java, na Japani ilipoiteka Java mwaka 1942, njia ikafungwa. Badala yake watoto walitumwa kuchuma maganda ya gugu la porini lenye utomvu mweupe, ambalo nyuzi zake nazo huelea. Ganda lilichumwa kabla halijapasuka, la sivyo upepo huzipeperusha. Likakaushwa kwenye mfuko wa matundu, kwa kuwa likifungiwa na unyevu huota ukungu.

Fedha nazo zilihesabiwa. Stempu ya akiba ya vita iliuzwa senti 25. Zikifika 16, yaani dola 4, mtoto alipata hati ya kulipwa dola 5 baada ya miaka saba na nusu. Ulikuwa mkopo kwa serikali, si sadaka.

"Walioondolewa kwa lazima pwani ya magharibi ya Kanada mwaka 1942 walikuwa wageni kutoka Japani."
Walikuwa karibu 22,000 wenye asili ya Kijapani, na wengi wao walizaliwa Kanada. Baadhi ya akina mama na watoto waliwekwa kwanza kwenye mazizi ya maonyesho ya mifugo, Hastings Park, Vancouver. Ruhusa ya kurudi pwani ilitoka 1 Aprili 1949. Aliyeondoka na miaka 10 alikuwa na 17, na nyumba ya kwao ilikwisha kuuzwa na serikali.