Goti la Mparthi kwenye dinari ya Augustus

Nikipewa sarafu ya Kirumi niitambue, huanza na mgongo wake. Upande wa kichwa utanijuza nani alitawala. Mgongo ndio unaonijuza alitaka watu waamini nini.

Chukua dinari, ileile ya vibarua wa shamba la mizabibu katika Injili, iliyofuliwa Roma mwaka 19 hivi KK. Ni fedha karibu safi, uzito wake haufiki gramu 4. Mgongoni kuna Mparthi, mtu wa dola ya kale ya Iran iliyokuwa hasimu wa Roma, aliyepiga goti, anakabidhi bendera ya kikosi cha Kirumi. Maandishi yanayoizunguka picha yamefupishwa kwa ufinyu wa nafasi: CAESAR AVGVSTVS SIGN RECE, yaani Kaisari Augustus, bendera zimerudishwa. Usiyejua historia utaapa kwamba Waparthi walipigwa vitani.

Hapakuwa na vita. Waparthi walizinyakua bendera hizo mwaka 53 KK, walipoliangamiza jeshi la jenerali wa Kirumi Crassus huko Carrhae, katika Uturuki ya leo, na yeye mwenyewe akauawa. Mwaka 20 KK mfalme wao, Phraates wa Nne, alizirudisha kwa mazungumzo, jeshi la Kirumi likiwa limesogezwa mashariki kumtia hofu. Ulikuwa ushindi wa wajumbe, na kwangu mimi ni ushindi mkubwa: aibu ya miaka 33 ilifutwa bila kumwaga damu. Lakini mjumbe akiketi na mfalme si picha ya kusisimua. Fundi wa muhuri wa kugongea sarafu akachonga goti.

Dinari ya Augustus yenye mamba, AEGVPTO CAPTA (Misri imetekwa) ya mwaka 28 KK, haina mbinu hiyo. Alexandria ilikuwa imetekwa kweli, miaka miwili kabla.

Karne mbili na nusu hivi baada ya Augustus, Kaisari Valerian alitoa sarafu zenye Victoria, mungu wa kike wa ushindi mwenye mabawa, na maneno VICT PART: ushindi dhidi ya Waparthi. Kumbe Waparthi walishapinduliwa na Waajemi wa ukoo wa Sasani, na mwaka 260 mfalme wao Shapur wa Kwanza akamteka Valerian akiwa hai. Kwenye jabali la Naqsh-e Rostam, Iran, Shapur amechongwa akiwa juu ya farasi na mbele yake Kaisari mmoja wa Kirumi amepiga goti.

Mwana wa Valerian, Kaisari Gallienus, aliendelea kutoa sarafu za Victoria. Kufikia 268 fedha ndani yake haikufika asilimia 5. Zilipakwa tu ngozi nyembamba ya fedha. Nyingi ninazoletewa zimekwisha kubanduka, na mabawa yamebaki rangi ya shaba.