Kilichomo kwenye mtungi wako wa gesi

Utikise kidogo mtungi wa gesi ulioko jikoni. Utasikia kitu kinacheza ndani, kama maji kwenye dumu lililofika nusu. Gesi haichezi hivyo. Sisi tunaokagua mizani na vipimo, tunapoulizwa na wateja kwa nini gesi inauzwa kwa kilo, huwa tunaanzia kwenye mlio huo: ulichonunua ni kimiminika.

Shuleni tulikariri kwamba maada ina hali tatu: yabisi, kimiminika na gesi. Mtungi umebeba zote. Chuma chake ni yabisi, chembe zake zimeshikana na kila moja inatetemeka pale pale ilipo, ndiyo maana umbo halibadiliki. Kimiminika kimetuama chini. Chembe zake zimebanana lakini zinateleza na kupishana, hivyo kinafuata umbo la chombo. Juu yake kuna gesi, ambayo chembe zake zimeachana mbali na hazitulii, zinagonga kuta za mtungi usiku na mchana. Huko kugonga ndiyo presha.

Chukua bomba la sindano lisilo na sindano. Vuta hewa, ziba tundu kwa kidole, sukuma: inabonyea, ukiachia inarudi. Sasa vuta maji, ziba, sukuma. Hata ukikaza meno, maji hayasogei. Likumbuke jaribio hili, tutalihitaji chini.

Gesi ya kupikia ni mchanganyiko wa propani na butani. Propani huchemka kwenye nyuzi 42 chini ya sifuri, butani karibu na sifuri yenyewe. Kwa joto la Dar es Salaam zote mbili zingekuwa zimeshapaa zamani. Zinabaki kimiminika kwa sababu zimebanwa mtungini. Ukifungua koki presha inashuka kidogo, kimiminika kinachemka bila kuwashiwa moto, na gesi inaelekea kwenye jiko. Lita 1 ya kimiminika hutoa takriban lita 250 za gesi. Kilo 15 zikiachiwa zote zingejaza robo au zaidi ya chumba cha futi 10 kwa 10.

Kuchemka kunataka joto, na joto hilo linatoka kwenye mtungi wenyewe. Siku ya shughuli, sufuria kubwa la pilau likiwa jikoni, ushike: ni wa baridi na unatoka jasho. Mara nyingi jasho hilo linaishia pale kimiminika kinapoishia. Asubuhi za Julai kule Makete moto unaweza kufifia na gesi bado ipo, kwa kuwa butani ikipata baridi huchemka kwa shida. Hapo ndipo mtu anapopata wazo la kuusogeza mtungi karibu na mkaa. Usithubutu. Kimiminika kikipata joto hutanuka, na kiwandani mtungi hujazwa kama asilimia 80 tu ili kibaki na pa kutanukia. Nafasi hiyo ikiisha, rudi kwenye lile bomba la sindano lenye maji: hakuna kinachobonyea, kinachobaki ni chuma kupasuka.

Usiutumie mtungi ukiwa umelala pia, maana kinachotoka kitakuwa kimiminika chenyewe, na jiko halikutengenezwa kwa hicho.

Gesi hii ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo ikivuja haipandi darini. Inatambaa sakafuni, inajaa chini ya kabati na uvunguni. Yenyewe haina harufu. Ile inayonuka imeongezwa ili pua ikushtue. Ukiisikia, funga koki, fungua milango, usiguse swichi, toka nje ndipo upige simu. Zimamoto kwa Tanzania ni 114.

Sasa turudi kwenye kilo. Maadamu kimiminika bado kipo, presha haibadiliki sana, hivyo jiko huwaka vizuri tu mtungi ukiwa robo sawa na ukiwa umejaa. Kukuwashia jiko dukani hakuthibitishi chochote. Angalia uzito wa mtungi mtupu, umegongwa au kuandikwa kwenye chuma. Kama ni 14.8 na umelipia kilo 15, mizani isome 29.8. Mwambie muuzaji aupandishe kwenye mizani ukiwa umesimama hapo hapo, kabla bodaboda hajawasha pikipiki.