Grisi si oili iliyochafuka

Jumamosi jirani yangu alinifungulia boneti ya gari lake. Injini inang'aa. "Nimetoa grisi yote, kaka," akaniambia kwa furaha. Kazi aliifanya vizuri sana. Lililonikaa rohoni ni hilo neno, maana wiki hiyohiyo nilishalisikia kwa muuza spea na kwa kijana wa kuosha magari, na wote walikuwa wanakusudia ule uchafu mweusi unaoganda kwenye injini.

Ule ni oili. Imepenya kwenye gasketi ya tapeti kava, kile kifuniko cha juu ya injini, au kwenye sili ya krenki, mhimili unaozungushwa na pistoni, ikanasa vumbi, joto likaipika mpaka ikawa kama lami. Kuisafisha ni kuilainisha kwa dawa ya kusafishia injini, injini ikiwa imepoa, kusugua kwa brashi, kisha kusuuza kwa maji ya taratibu, huku alteneta, mtambo wa kuchaji betri, na soketi za nyaya zimefunikwa kwa nailoni. Petroli isiguswe kabisa kwa kazi hii, mvuke wake hushika moto kwa cheche moja tu.

Grisi ni kitu kingine. Ni oili iliyoshikwa na sabuni, na nasema sabuni kwa maana yake halisi. Kwa kawaida asilimia 70 hadi 95 yake ni oili, na kinachoizuia isitiririke ni sabuni ya madini, mara nyingi ya lithiamu au ya kalsiamu. Inatengenezwa kwa makusudi na kupakwa mahali ambapo oili ya majimaji isingekaa: beringi za magurudumu, bolijointi, ndani ya mipira ya ekseli za mbele.

Mkanganyiko umeletwa na jina la dawa yenyewe, digrisa, yaani kiondoa grisi. Neno la Kiingereza lililozaa "grisi" lilitoka Kifaransa cha kale, nalo hilo likatoka kwenye neno la Kilatini lenye maana ya "nene". Kwa hiyo Mwingereza hulitumia kwa mafuta yoyote mazito, hata yaliyoganda kwenye kikaangio. Lilipoingia gereji zetu lilibanwa likabaki na maana moja: ile ya kopo, ya kupaka. Fundi akikwambia "piga grisi", hakuna anayefikiria kikaangio. Baadaye digrisa ikaja na ile maana pana ya Kiingereza, nasi tukaanza kuita grisi kila kinachonata.

Na ule ubano ulikuwa na faida, kwa sababu "mafuta", neno letu wenyewe la Kibantu, ambalo Mzulu analisema amafutha na msemaji wa Kilingala mafuta, tayari limebeba mzigo mkubwa: ya kupikia, ya taa, ya kujipaka, petroli, hata unono wa ng'ombe. Tulihitaji neno jembamba, tukalipata. Inaniuma kuona tunalipanua tena.

Tena kitu chenyewe hakikuwa kigeni sana pwani. Mafundi wa majahazi walichanganya shahamu na chokaa, wakapaka sehemu ya chombo inayozama ili maji na wadudu wanaotoboa mbao wasiingie. Wakakiita deheni. Mafuta ya mnyama yakikutana na chokaa huzaa sabuni ya kalsiamu, isiyoyeyuka majini, na grisi ya kalsiamu inasifiwa mpaka leo kwa sababu hiyohiyo ya kustahimili maji. Deheni na grisi ni ndugu wa karibu. Sijapata kusikia mtu akiita deheni ule uchafu unaoshika ubavuni mwa jahazi.

Gari linaweza kuumia kwa neno hili. Anayeamini kwamba grisi ni uchafu atapuliza dawa kwenye kila beringi na kila mpira uliopasuka, ayeyushe kilichowekwa pale kulinda chuma, na baada ya muda beringi ianze kulia.

Kwa hiyo, jirani, ulichotoa ni oili iliyoganda, na umeitoa vizuri. Endesha wiki mbili halafu ufungue boneti tena. Ukikuta weusi umerudi palepale, usinunue dawa nyingine, mpelekee fundi akutazamie gasketi.